Mahindi ya Lualkoi

Sipendi watu wanaosema ni mapenzi ya Mungu kabla hawajauliza ni mapenzi ya nani. Nimefundisha darasa la sita miaka thelathini na mmoja, na hakuna mtoto aliyevunja dirisha akaniambia Mungu ndiye aliyependa. Kwa hiyo nitaeleza mambo yalivyokwenda, na sehemu yangu sitaificha.

Jina langu ni Chepkoech, lakini kanisani kwetu hapa Eldoret kila mtu huniita Mwalimu, ingawa nilistaafu zamani. Nina ekari kumi na mbili upande wa Chepkoilel na nalima mahindi kama majirani zangu wote. Mimi pia ni katibu wa kamati ya misheni. Kamati ina watu saba na kazi yake ni moja tu: zahanati ya Lualkoi, huko Sudan Kusini, mahali ambapo vita hutulia kidogo kisha huanza tena. Zahanati yenyewe ni nyumba mbili za udongo, hema moja, na muuguzi mmoja.

Muuguzi huyo ni wetu. Anaitwa Nanyama, binti wa Murunga, kuli anayepakia na kupakua magunia kwenye stoo za mahindi mjini. Murunga alifiwa na mkewe mapema, akamlea huyo mtoto mmoja katika chumba kimoja mtaani Langas, kwa mgongo wake mwenyewe. Nilimfundisha Nanyama. Alikuwa mtoto wa kukuudhi, yule anayenyoosha mkono kukuambia umekosea hesabu ubaoni, na kweli unakuta umekosea. Alipomaliza chuo cha uuguzi alisema anaenda Lualkoi kwa miezi sita. Akakaa miaka minne.

Gharama zote zilikuwa zikilipwa na kanisa moja la ng'ambo. Mwaka jana mwezi wa tisa walituandikia barua fupi: mambo yamebadilika kwao, mfuko umeisha, wanatushukuru kwa ushirikiano. Nilisoma barua hiyo mbele ya kamati nikaona watu wanatazama viatu vyao. Ndipo mwenyekiti wetu, Mzee Kiptoo, akasimama. Ni mkulima mkubwa, ana matrekta mawili na nyumba Elgon View, mtaa wa matajiri, na hana kiburi.

"Hatuwezi kukaa hapa tukilia kama watoto wa nursery," alisema. "Sisi ni wakulima. Hakuna pesa, lakini mahindi iko. Kila mtu alete gunia."

Na wakaleta. Jumapili ya mavuno uwanja wa kanisa ulijaa pikapu na trela. Aliyekuwa na shamba kubwa alileta magunia kumi, na mjane mmoja wa kule Langas, asiye na shamba kabisa, alileta debe moja alilolinunua. Tulipata magunia mia tatu na kumi na mawili, ya kilo tisini tisini. Mchungaji Okeyo aliweka mkono juu ya lundo akaomba, na mimi nililia kwa furaha, jambo ambalo silifanyi ovyo. Nilijiambia kwamba sasa hatumwombi mzungu yeyote.

Murunga aliomba kazi ya kuyatunza, bila malipo. "Hii ni ya msichana wangu," alisema. Akapewa ufunguo wa stoo iliyo nyuma ya kanisa.

Sasa lazima niseme habari ya mahindi, maana asiyetoka huku anaweza kutuona watu wabaya. Mwezi wa kumi na mbili kila mtu ana mahindi. Madalali wanakuja na malori yao wakitaja bei ya kukutukana. Anayeuza wakati huo ni yule ambaye karo ya shule imemkaba shingo. Wengine wanaanika, wanatia dawa ya wadudu, wanaweka, wanangoja mwezi wa nne au wa tano, viwanda vya unga vikiwa na njaa na bei imepanda karibu mara mbili. Baba yangu alifanya hivyo. Mimi mwenyewe sijawahi kuuza gunia kabla ya Pasaka. Kwetu huo si uchoyo, ndiyo akili ya mkulima, na msichana anayeolewa huulizwa kimyakimya kama watu wa huko wanauza mahindi Desemba.

Katikati ya Januari nilipata ujumbe wa sauti kutoka kwa Nanyama. Mtandao ulimfikia mara mbili kwa wiki, shirika jirani lilipowasha mtambo wake.

"Chamge, Mwalimu. Ni Nanyama. Sikiliza vizuri kwa sababu hii kitu inaweza kukatika. Watoto wa njaa wamekuwa wengi. Watu wanakimbia vita huko kaskazini wanakuja hapa kwa miguu, na mimi nimebaki na maziwa ya wiki tano. Kuna shirika lingine linaleta ndege tarehe sita mwezi wa pili. Nusu ya ndege ni yao, nusu iko wazi. Tukilipa hiyo nusu, tunaweka maziwa na zile pakiti za karanga, inatutosha mpaka mwezi wa sita. Mwalimu, uzeni hayo mahindi sasa. Nimeuliza bei ya huko nyumbani, najua ni mbaya. Lakini inatosha hiyo nusu. Mvua ikianza huku uwanja unakuwa matope, hakuna ndege inatua mpaka Novemba. Salimia baba."

Tulikutana siku ya pili yake, katika chumba kidogo kilichopakana na stoo. Nilicheza ujumbe huo mara mbili, simu ikiwa juu ya meza. Mzee Kiptoo alisikiliza mara zote mbili akiwa amefumba macho, kisha akaanza kuzungumza polepole, kwa upole, na hilo ndilo lililotumaliza.

"Huyu msichana ni wetu na anafanya kazi ngumu," alisema. "Lakini yeye si mkulima. Leo dalali anakupatia elfu mbili mia nane kwa gunia. Hiyo ni nusu ya ndege na chenji kidogo. Mwezi wa nne unapata elfu nne mia tano hivi. Hiyo ni ndege nzima, yetu, imejaa. Sasa niambieni, huyo mtoto wa Lualkoi atachagua nini? Nusu ama nzima? Na mvua ya huko inaanza mwisho wa mwezi wa tano, nimeuliza."

"Amesema maziwa ni ya wiki tano," alisema Mchungaji Okeyo.

"Pastor, hata sisi kila mwaka tunasema unga imeisha, na tunafika."

Mchungaji akarudi nyuma kwenye kiti. Hana shamba, na mbele ya wakulima mtu asiye na shamba hujiona mdogo. Musimbi, mama wa duka la vitambaa, alisema yeye angeuza leo leo, kwa sababu dukani kwake kitu kisichouzwa ni kitu kilichokufa. Walicheka kidogo. Tukapiga kura.

Utaratibu wetu ni kwamba katibu anahesabu kwanza, halafu anapiga kura yake mwisho. Watatu waliinua mkono tuuze: Mchungaji, Musimbi, na mzee mmoja ambaye hunyamaza mwaka mzima. Watatu waliinua tungoje. Wote sita wakanigeukia.

Nataka kusema kwamba nilihangaika, lakini sikuhangaika. Niliona ndege nzima. Niliona jinsi nitakavyomwandikia Nanyama, nimwambie shuka uwanjani uone, imejaa mpaka mlangoni. Na chini ya hayo yote kulikuwa na kitu kingine ambacho leo nakionea aibu: sikutaka watu waseme Mwalimu Chepkoech aliuza mahindi Januari. Nikainua mkono tungoje.

Jioni nilimwandikia: Kamati imeamua kungoja bei ipande ili tulete ndege nzima. Sikusema ni mkono wa nani. Alijibu kwa maneno machache tu, "Sawa Mwalimu. Tutajikaza."

Ndege ya tarehe sita ilikwenda. Nafasi ile nusu walipewa wengine, wakapeleka mabomba ya maji mahali pengine.

Februari na Machi Murunga aliyatunza mahindi yale kuliko nilivyowahi kuona mahindi yakitunzwa. Aliyapanga juu ya mbao yasiguse sakafu. Kila Jumamosi aliyatoa nje kwa zamu, akayaanika juu ya turubai, akauma punje moja moja kwa meno ya mbele kusikia kama imekauka na inalia vizuri. Hata dalali mmoja mjeuri alikiri kwamba hajaona mzigo safi hivyo. Nikipita nilimkuta amepiga magoti akiokota punje zilizomwagika, na nilimpa habari za bintiye, zile nzuri tu. Hakuniuliza mengine.

Mwezi wa tatu Nanyama alituma ujumbe. Sauti yake ilikuwa imekauka. Alisema maziwa yameisha, anawapa watoto uji wa mtama uliochujwa, na wale ambao utepe wa kupimia mkono unaonyesha nyekundu hawawezi hata kuumeza. Alikuwa amepoteza tisa. Alitaja majina yao yote tisa, moja moja, bila haraka. Kisha akauliza, "Mwalimu, bei imefika ngapi?"

Nilikaa na swali hilo mkononi siku nzima. Bei ilikuwa elfu tatu mia nne. Nilimwambia. Alisema, "Haya, bado kidogo." Msichana yule aliyekuwa akinirekebisha ubaoni. Kama angenitukana ningepona mapema.

Katikati ya Aprili waliokufa walikuwa ishirini na sita, na hakutaja majina tena. Alisema bunduki zinasikika kutoka ng'ambo ya mto. Hakuuliza bei. Nilivaa viatu nikaenda Elgon View kwa Mzee Kiptoo, nikamkuta kwenye baraza akinywa chai. Nilimwambia tuuze kesho.

"Mwalimu, kaa kwanza," alisema, akanimiminia. "Imefika elfu nne na mia moja. Wiki mbili tu. Viwanda vimeanza kupigania mahindi. Tumengoja miezi mitatu, tuanguke mlangoni?"

"Watoto wanakufa, Mzee."

"Najua. Silali." Na nilimwamini, kwa sababu macho yake yalikuwa mekundu. "Lakini wale wamekufa kwa sababu ya hii bei, Mwalimu. Tukiiacha sasa, walikufa bure."

Leo nayajua majibu kumi. Siku ile nilimaliza chai yangu, nikasema asante, nikarudi nyumbani.

Mvua ya Lualkoi haikungoja mwisho wa mwezi wa tano. Ilianza wiki ya tatu ya Aprili, ikanyesha siku sita mfululizo. Nanyama alituma picha ya uwanja wa ndege bila neno lolote. Mbuzi wawili walikuwa wamesimama kwenye maji.

Tuliuza tarehe mbili Mei. Elfu nne mia sita kwa gunia, bei ambayo hakuna mtu wa kanisa letu aliyeipata mwaka huo. Murunga alipakia mwenyewe, yeye na makuli wengine watatu, magunia yote mia tatu na kumi na mawili, na mizani haikukataa hata moja. Jumapili Mzee Kiptoo aliitangaza bei hiyo kanisani na watu wakapiga makofi. Walipiga kwa moyo safi. Wengi wao hawakujua habari ya uwanja, kwa sababu katibu, ambaye ni mimi, alikuwa hajaisoma.

Nilipigia simu kila mwenye ndege niliyepata namba yake. Wa mwisho alikuwa mtu mwenye adabu.

"Mama, hapo sasa ni bwawa," alisema. "Pesa si shida. Hata ukinilipa mara tatu, sina mahali pa kuweka magurudumu. Tuzungumze Novemba."

Nilimuuliza kuhusu kuangusha mizigo kutoka juu. Aliniambia hiyo ni kazi ya ndege kubwa za mashirika makubwa, yenye foleni yake, na Lualkoi haimo kwenye foleni. Kwa hiyo tulikuwa na ndege nzima benki, imejaa, kama nilivyoiona siku ile ya kura.

Tarehe tisa Mei simu ya Nanyama ilizimika. Nilituma ujumbe kila siku. Mwanzoni niliandika mambo ya maana, baadaye nikawa naandika salamu tu.

Juni kumi na moja alinipigia mtu wa lile shirika lililokuwa na ndege ya Februari. Alizungumza taratibu, kama mtu aliyekwisha kupiga simu nyingi za namna hiyo. Wenye bunduki walivuka mto. Watu wa Lualkoi walikimbilia kwenye kinamasi. Walimwita Nanyama aende nao, na alikuwa na watoto kumi na mmoja ndani ya hema ambao hawangeweza kubebwa mbali. Akasema atangoja wale wenye bunduki wapite, kisha awafuate. Hema liliteketea. Waliorudi siku nne baadaye hawakumwona, wala hawakupata cha kuzika.

Nilimwambia Mchungaji Okeyo kwamba nitakwenda Langas peke yangu. Murunga alikuwa amekaa nje ya mlango wake akishona gunia la kubebea mkaa. Nilimweleza yote, kuanzia tarehe tisa. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha sindano, halafu akauliza hao watoto walikuwa wangapi. Nikamwambia kumi na mmoja. Akaniuliza kama nimekula.

Nanyama walimzika kwao Kimilili, kwa desturi yao, jeneza likiwa na shina la mgomba lililovalishwa nguo zake. Wanakamati wote tulikwenda. Mimi nilipanda gari la Mzee Kiptoo, na safari nzima alikuwa akifuta uso kwa leso. Alikuwa ametoa fahali wa matanga. Tulipokaribia mji wa Turbo alisafisha koo.

"Hizo pesa, Mwalimu," alisema. "Novemba ndege inaweza kutua tena, lakini kupata muuguzi mwingine itachukua mpaka mwaka ujao. Sasa zikikaa tu benki, si zinaoza? Desemba bei itakuwa chini. Tununue, tuweke stoo, mpaka mwezi wa tano."

Nilitaka kumwambia asimamishe gari nishuke. Lakini kabla hasira haijanifika kichwani, kichwa kilikuwa kimeshapiga hesabu, na hesabu ilikuwa nzuri. Nilitazama nje mpaka tukafika.

Baada ya maziko, watu wakiwa wanakula, Murunga alinikuta nimekaa nyuma ya jiko. Alikuwa amevaa koti la kuazimwa. Akakaa karibu nami kwenye gogo.

Nikamwambia. Sikuweza tena kukaa nalo. "Murunga, siku ya kura walikuwa watatu kwa watatu. Mimi ndiye niliyeinua mkono tungoje. Ni mimi."

Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo tangu Langas, nilikuwa nalihitaji kama mgonjwa anavyohitaji dawa. Nilitaka asimame mbele ya watu wote wa Kimilili anifukuze.

"Najua," alisema. "Nilikuwa hapo stoo napanga magunia. Ukuta ni wa mbao, Mwalimu. Nilisikia simu yote, mara mbili. Nilisikia akisema nisalimiwe."

Sikuweza kumtazama.

"Mlango ulikuwa hatua tano," alisema. "Mimi ni babake. Ningeingia niseme uzeni, nani angenikataza? Nikashika kitasa." Alifungua mkono wake akautazama, mkono mpana wa kuli, uliokuwa bado na udongo wa kaburi. "Halafu nikafikiria, elfu mbili mia nane. Nikasema, wacha ipande kidogo."

Mtu fulani alituita twende tukale, kwa sababu ugali ulikuwa unapoa.